Helen Steiner Rice, mshairi wa kadi za salamu

Mshairi wa Kiswahili ana desturi ya kujitaja mwishoni. Akifika ubeti wa tamati huaga, hutaja jina lake na pengine mji wake, ili asijetokea mtu akadai utungo si wake. Helen Steiner Rice, mmoja wa watunzi waliosomwa sana Marekani katika karne ya 20, alilipwa mshahara kwa kufanya kinyume. Alitunga ili mtu mwingine atie sahihi chini: mama anayemkumbuka binti aliyeolewa mbali, jirani anayempa pole mfiwa, mtu mzima asiyejua aanzeje kumshukuru rafiki. Kazi yake ilikuwa kutunga mashairi ya kadi.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1900 Lorain, mji wa viwanda ulio kando ya Ziwa Erie, jimboni Ohio. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Helen alikuwa hodari darasani, akitamani chuo kikuu na hata uanasheria. Mwaka 1918 mafua yaliyoua mamilioni ya watu duniani yakamchukua baba, na ndoto ya chuo ikaishia hapo. Akaajiriwa na kampuni ya umeme ya mji wao, akapanda hadi kusimamia matangazo, na katika miaka ya 1920 akawa anasafiri huku na huko akihutubia juu ya nafasi ya wanawake makazini. Wanawake wa Marekani walikuwa ndio kwanza wamehakikishiwa haki ya kupiga kura na katiba ya nchi yao.

Januari 1929 aliolewa na Franklin Rice, ofisa wa benki wa mjini Dayton, mtu mwenye uwezo. Oktoba ya mwaka huohuo soko la hisa la New York likaporomoka, na mali ya Franklin ikaenda nalo. Mwaka 1931 Helen akapata kazi Cincinnati katika kampuni ya Gibson, iliyochapisha kadi za salamu. Mwaka uliofuata mumewe, aliyekuwa ameelemewa na hasara, akajiua. Hawakuwa na mtoto, na Helen hakuolewa tena. Kadi za Krismasi na za siku ya kuzaliwa zilikuwa zinamsubiri mezani, naye alitakiwa aziandike kwa furaha.

Anayeujua mkasa huu kabla ya kuyasoma mashairi atatarajia kilio. Hakuti. Hamna mume mle, hamna benki wala kaburi. Kuna majira ya baridi yanayopita, maua yanayorudi, Mungu anayesikia. Wahakiki wengi wameyaona mepesi mno, na ukiyapima kwa mizani ya ushairi wa vitabuni wana haki: fikra haichimbi, vina vinatabirika, na mstari wa pili humaliza ulichokwisha kukihisi katika wa kwanza.

Lakini kadi ina masharti yake. Mtunzi wa kadi hawezi kumtaja Franklin, kwa kuwa anayeinunua hana mume wa jina hilo. Kila jambo mahsusi linaloingia humpunguza mnunuzi mmoja. Halafu kuna msomaji: huenda yuko kitandani hospitalini, huenda anasomewa na mtu mwingine, na hatapata nafasi ya kurudia mstari. Kwa hiyo maneno yawe ya kila siku, mdundo usiyumbe, na maana iingie kwa kusikika mara moja. Huzuni ya Helen ilibidi iondolewe kila alama yake mwenyewe hadi iweze kumfaa mgeni kabisa. Hiyo si kazi nyepesi, hata kama matokeo yanaonekana mepesi.

Kwa karibu miaka 30 aliifanya bila kuwa nyota. Kisha, mwaka 1960, Aladdin, mpiga fidla wa bendi ya Lawrence Welk, akasoma shairi lake la Krismasi katika kipindi cha televisheni cha bendi hiyo, kilichotazamwa majumbani nchi nzima. Maombi ya nakala yakamiminika Gibson. Mtunzi aliyekuwa amejificha nyuma ya sahihi za watu sasa akatafutwa kwa jina, na vitabu vya mashairi yake vikaanza kutoka kimoja baada ya kingine. Barua zilimjia kwa wingi kutoka kwa wagonjwa na wafiwa, naye alikuwa na mazoea ya kuzijibu.

Alifariki dunia Aprili 1981, akiwa na miaka 80. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameanzisha wakfu wenye jina lake, wa kuwasaidia wazee na wahitaji, hasa wa Lorain alikozaliwa na wa Cincinnati alikofanyia kazi.