Kondoo Mmoja Akikosekana Zizini

Leo twataka kutazama wajibu wetu kwa ndugu aliyeacha njia.

Mfugaji wa mbuzi pale Kibarani huhesabu jioni kabla ya kufunga zizi. Asiyehesabu hatajua kwamba mmoja hayupo. Mchungaji wa Luka sura ya 15 alikuwa na kondoo mia. Alijuaje kwamba mmoja amepotea? Aliwahesabu. Basi tusianze kuuliza, “Kwa nini yule amepotea?” Tuulize kwanza, “Je, sisi tulimhesabu?”

Mara nyingi twadhani aliyepotea ni yule aliyerudia kunywa mnazi. Lakini sisi wa Kilifi tumejifunza kwa uchungu kwamba mtu aweza kupotea huku akiomba na kufunga. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi. Ilitolewa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwamo. Wengi walikufa kwa njaa, wakitumaini kumwona Yesu. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengine walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, nao wakakana mashtaka. Mwaka 2025 miili mingine ikafukuliwa Kwa Binzaro, huko Chakama.

Watu hawa hawakuingia msituni kwa siku moja. Walianza kwa kuwatoa watoto shule na kukataa hospitali. Wakaacha kazi, wakauza mali, ndipo wakahama. Wako jamaa waliowafuata watu wao na kupeleka habari kwa polisi, na Mungu awabariki. Lakini kila mmoja wetu ajiulize: jirani yangu akianza hatua ya kwanza, nitabisha hodi kwake, au nitangoja hatua ya mwisho?

Neno la Mungu latuonyesha namna ya kwenda. Katika Mathayo 18:15-17 Bwana atuagiza kumwendea ndugu tukiwa peke yetu. Asiposikia, twende na mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo kanisa liambiwe. Wengi wetu huanza mwisho: habari hufika kisimani na sokoni kabla haijamfikia mwenyewe. Tena Wagalatia 6:1 yataka tumrejeze kwa upole, kila mtu akijiangalia asije akajaribiwa yeye pia. Kwa hiyo nenda mapema, kabla Jumapili ya pili haijapita. Uliza, kisha usikilize. Pengine utakuta ugonjwa, deni, au neno kali alilotupiwa kanisani. Usimdai sadaka alizokosa kutoa. Lakini ukiona maisha ya mtu au ya mtoto yamo hatarini, usingoje hatua hizo. Piga mbio kwa wazee, kwa chifu na kwa polisi.

Na akirudi? Wengine hurudi polepole. Baadhi ya waliookolewa Shakahola walikataa chakula hata baada ya kutolewa msituni. Usichoke upesi. Katika 2 Wakorintho 2:6-8 Paulo alisema adhabu ya yule aliyekosa yatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Ndugu aliyetengwa akitubu, tusimweke benchi la nyuma maisha yake yote, wala tusimkumbushe kosa lake kila mkutano.

Jambo la mwisho lawahusu wachungaji na wazee. Watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, waliyachunguza Maandiko waone kama maneno ya Paulo ni kweli, nao wakasifiwa. Ikiwa mtume alichunguzwa, ni mhubiri gani leo asiyeweza kuulizwa? Kiongozi anayekataza watu kumwuliza, na kuwatenga na jamaa zao, awavuta mbali na zizi hata akiwa na Biblia mkononi.

Ndugu msikilizaji, Jumapili hii tazama mabenchi ya kanisa lako. Ni nani hayupo? Jumatatu uende kwake.

Tuombe. Ee Bwana, Mchungaji Mwema, ulitutafuta tulipopotea. Utupe macho ya kumwona asiyekuwapo, miguu ya kumwendea, na ulimi wa upole. Uwafariji waliofiwa Shakahola na Kwa Binzaro. Kwa jina la Yesu. Amina.