Mwembe Mkongwe wa Uani Hulindwa Kuanzia Mizizini

Upepo wa kwanza wa masika ukianza kuvuma Kidahwe, mkoani Kigoma, watoto hukimbilia chini ya mwembe. Ndipo embe hudondoka zenyewe, bila fimbo wala jiwe, na anayewahi ndiye anayeshiba. Hakuna mtoto wa Kigoma asiyelijua hilo, na ndiyo sababu mzazi mwenye mwembe wa zamani uani anapaswa kuisoma makala hii kabla mawingu hayajaanza kukusanyika upande wa ziwani. Upepo unaoangusha embe ndio huohuo unaoangusha matawi, na tawi la mwembe wenye umri wa babu si kitu cha kukingwa kwa mkono.

Mkoa wa Kigoma una msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Oktoba au Novemba na kufika Aprili au Mei. Wingu kubwa la radi likikomaa, hewa iliyopozwa na mvua ndani yake huwa nzito, hushuka kwa kasi, na ikifika chini husambaa pande zote. Ule ubaridi wa ghafla unaotangulia matone, unaopeperusha nguo kambani na kugongesha milango, ndio upepo huo. Hudumu dakika chache tu, lakini hupiga kwa nguvu. Na nguvu hiyo haipandi sawasawa na kasi: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo unaoupata mti huongezeka takriban mara nne. Mwembe nao hauvui majani. Unaukabili upepo huo ukiwa na taji zito lililotanda kama tanga la jahazi, na mwishoni mwa mwaka matawi yake yamebeba embe juu ya hayo yote.

Miembe ya ukanda huu ni mikongwe kweli. Mingi ya mababu zake ilifuata njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Pale Ujiji wageni bado wanaoneshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe wa siku ile ulishakufa. Kilichobaki ni mnara uliojengwa mwaka 1927 na miembe inayosemekana ni uzao wake. Mti uliotunzwa na kuheshimiwa kuliko yote mkoani nao ulizeeka ukafa.

Kidahwe hali ni tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ni ya hatari zaidi. Hapa ni njia panda, barabara moja ikienda Kasulu na nyingine Uvinza, na tangu lami ipite nyumba za bati zimeongezeka pembeni yake. Mwembe ulikuwepo kabla ya nyumba. Ulikulia shambani, mizizi ikatambaa itakako, kisha likaja jengo, ukachimbwa msingi, likachimbwa shimo la choo, ukapitishwa mtaro wa bomba, zikavutwa nyaya za umeme, na juu ya yote ikawekwa pikipiki chini ya kivuli. Mti ni uleule ila ardhi iliyoushikilia si ileile tena.

Watu wengi wanaamini mizizi ya mti mkubwa imezama chini sana, kina kinacholingana na urefu wa mti. Mwembe uliopandwa kwa kokwa huwa na mzizi mkuu unaoshuka, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya mizizi inayolisha mti na kuushikilia wakati wa upepo imo ndani ya mita moja ya juu ya udongo, nayo hutambaa mbali kupita ncha za matawi. Wajenzi wa Uingereza wanafuata kanuni ambayo ingetufaa: pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, zidisha mara 12, na umbali unaoupata kutoka kwenye shina pande zote usiuchimbe. Mwembe wenye shina la sentimita 80 unahitaji karibu mita 10 kila upande. Katika kiwanja cha kawaida hiyo ni karibu ua wote, na sitegemei mtu aache kujenga kwa ajili hiyo. Lakini fundi akijua hivyo kabla hajapiga jembe la kwanza, anaweza kusogeza mtaro upande ambao mizizi imeshakatwa na msingi, badala ya kuukata mti pande mbili zinazotazamana. Mti uliokatwa mizizi upande unaotoka upepo hauanguki siku hiyo. Unaweza kusimama miaka mitano, ukitoa embe kama kawaida, kisha ukalala juu ya paa usiku mmoja, na kila mtu akasema ni upepo.

Udongo nao una kisa chake, na kisa kizuri kuliko vyote ninavyovijua kinatoka mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba kubwa ilipiga kusini mwa Uingereza ikaangusha miti inayokadiriwa kufika milioni 15. Bustani ya mimea ya Kew, jijini London, ilipoteza miti takriban 700. Mle bustanini ulikuwepo mwaloni mkongwe uitwao Turner's Oak, uliopandwa mwaka 1798, ambao kwa miaka mingi ulikuwa umenyong'onyea bila sababu kujulikana. Upepo uliunyanyua mti mzima na mizizi yake kisha ukaurudisha palepale. Watunzaji waliuegemeza kwa nguzo, wakageukia kazi nyingine, kwani miti iliyolala chini ilikuwa mingi mno. Waliporudi kuushughulikia, miaka kama mitatu baadaye, walikuta unachipua kwa afya ambayo haikuwa imeonekana kwa muda mrefu. Wakaelewa kwamba kilichokuwa kinaua mwaloni ule ni miguu ya watu: wageni wa zaidi ya karne nzima waliukanyaga udongo hadi ukashindiliwa, maji na hewa vikashindwa kupenya, na dhoruba ndiyo iliyoufungua. Tangu hapo Kew wamekuwa wakipuliza hewa ya shinikizo kwenye udongo wa miti yao mikongwe.

Mashine ya kupuliza hewa hatuna, lakini ua uliokanyagwa na kufagiliwa kila alfajiri tunao. Ufagio wa chelewa huondoa majani, na kila siku huondoa pia udongo kidogo, hadi mizizi inaonekana juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Najua sababu ya kufagia. Ua msafi ni heshima ya mama mwenye nyumba, na nyoka hapati pa kujificha. Basi zungushia mawe eneo la mita mbili au tatu kuzunguka shina, ndani yake acha majani makavu yakae unene wa kiganja, na nje ya hapo fagia utakavyo. Majani yasiguse shina lenyewe. Acha nafasi ya mkono mmoja ili gome likauke na mchwa wasipate daraja. Chukua jembe uma, chomeka udongo ulioshikana nje ya mduara huo, utikise kidogo uruhusu hewa, kisha chomoa bila kupindua. Pikipiki na gari vitafutiwe pengine.

Moto wa takataka kwenye kitako cha mti ni jambo ambalo ningependa likome kabisa. Sehemu hai ya shina ni tabaka jembamba sana lililo chini tu ya gome. Joto la taka za jioni linatosha kuliua upande mmoja, gome linapasuka na kubanduka, na mlango unafunguka kwa kuvu na mchwa pale pale ambapo mti unabeba uzito wake wote. Saruji iliyomwagwa hadi kwenye shina, na kifusi kilichorundikwa kusawazisha kiwanja, hufanya uharibifu wa polepole zaidi unaoishia kulekule.

Sasa kuhusu kukata. Kila mwaka, mvua zikikaribia, hupita vijana wenye mapanga na msumeno wa mota: "Mama, huu mti utawaangukia, nikushushie?" Mara nyingi malipo ni kuni zenyewe, na hapo ndipo shida inapoanzia. Anayelipwa kwa kuni atakata matawi manene, maana ndiyo yenye mkaa. Mti unabaki gogo lenye vishina vilivyochongoka juu, mwenye nyumba analala usingizi, na miezi michache baadaye kila kishina kimetoa chipukizi kumi zinazokimbilia juu. Chipukizi hizo hazikujengeka kutoka ndani ya kuni. Zimeshikilia tabaka la juu tu, huku kishina chenyewe kinaoza. Baada ya miaka sita zimekuwa matawi mazito yenye maungio dhaifu. Kukata kichwa cha mwembe ni kuiahirisha hatari na kuiongeza.

Sayansi ya jambo hili ilifafanuliwa vizuri katika miaka ya 1970 na mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya mashina kutazama vidonda vya ndani. Alionesha kwamba mti hauoteshi upya kuni iliyokufa. Hujenga kuta za kemikali na za chembe mpya kuzunguka uozo, ukaufungia, kisha ukaendelea kukua kwa nje. Jeraha dogo hufungiwa upesi. Jeraha la upana wa sahani kwenye mti mzee huenda lisifungwe kamwe. Ndiyo maana ni bora kukata matawi membamba mapema, yakiwa chini ya sentimita 10, kuliko kungoja yawe mazito, na mti mzima usipoteze zaidi ya robo ya majani yake kwa mara moja. Mti mkongwe upoteze hata pungufu ya hapo.

Tazama mahali tawi linapoungana na shina: kuna uvimbe mdogo, kama mkunjo, unaolizunguka. Humo ndimo mti unapojengea ukuta wake, kwa hiyo msumeno upite nje tu ya uvimbe huo, bila kuukwangua na bila kuacha kishina. Tawi zito likatwe mara tatu. Kwanza kata kutoka chini, kiasi cha theluthi ya unene, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina. Pili, kata kutoka juu, mbele kidogo ya pale, tawi lianguke. Tatu, ondoa kipande kilichobaki kwa mkato safi. Anayekata mara moja kutoka juu huliacha tawi lichane gome la shina kwa urefu wa mita nzima likianguka. Usipake oili chafu wala rangi juu ya kidonda. Haizuii uozo, na oili hudhuru chembe hai za ukingoni ambazo ndizo zinazofunga jeraha. Chokaa nyeupe tunayopaka mashina haidhuru, ila huficha nyufa, kwa hiyo kagua kwanza.

Ukaguzi wenyewe ufanywe Agosti au Septemba, mchana, kwa kuzunguka mti wote. Matawi makavu yashushwe kabla ya mvua. Kuupogoa mti ulio hai kungoje embe ziishe. Uyoga mgumu unaotokeza kama rafu kwenye kitako ni dalili mbaya kuliko nyingine zote, kwani kuvu inayozaa uyoga huo huwa imeshakula kuni ndani kwa miaka. Angalia panda zenye umbo la V lililobana, ambapo gome limemezwa katikati ya mashina mawili: hupasuka kwa urahisi. Mti ulioinama tangu utotoni huwa umejiimarisha, lakini ulioinama mwaka huu, huku udongo wa upande mmoja umenyanyuka au umepasuka, uhamishe watu kwanza ndipo umwite mtaalamu. Tundu peke yake si hukumu ya kifo. Miti mingi yenye uwazi ndani husimama imara mradi ukuta wa kuni nzima uliobaki ni mnene. Claus Mattheck, mtafiti wa Ujerumani, alipendekeza kipimo cha theluthi moja hivi ya nusu kipenyo. Miparachichi na mikrismasi ikaguliwe kwa ukali zaidi, kwa kuwa kuni yake huvunjika upesi.

Tawi lililo karibu na waya wa umeme usiliguse. Wapigie TANESCO walikate wao. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara ni suala la TANROADS au TARURA, na kabla ya kuangusha mti wowote mkubwa mwone afisa misitu wa halmashauri na serikali ya kijiji. Dhoruba ikianza, watoto waingie ndani, embe ziokotwe kesho. Chini ya mti si mahali pa kujikinga na radi, na aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mguse, na kama hapumui na moyo umesimama anza kumbonyeza kifua mara moja. Waya ukianguka na tawi, kaeni mbali, mita 10 au zaidi, hadi mafundi wathibitishe kwamba umeme umezimwa.

Mwembe ukilazimika kuondoka, mche wa kurithi nafasi yake upandwe miaka michache kabla, mbali na nyumba na nje ya njia ya waya. Chana kiriba chote uukague: mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko inyooshwe au ikatwe siku hiyohiyo, maana isiponyooshwa itaendelea kujizungusha ardhini, na mti utakuja kukosa nanga ukiwa na miaka thelathini na taji zima juu.