Dereva wa Basi na Bima ya Motokaa Yake Mwenyewe

Wako watu wengi waendeshao mabasi kwa riziki yao ambao, baada ya kuweka akiba kwa miaka kadhaa, hununua motokaa ndogo ya nyumbani. Katika mji wa Sindo, ulio kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, motokaa kama hiyo haikosi kazi. Wenyeji wana safari za kwenda Mbita na Homa Bay, na wengine huelekea kusini mpaka Sori katika Kaunti ya Migori. Dereva wa basi apatapo motokaa yake hudhani ya kwamba mambo ya bima ameyazoea. Kumbe bima ya basi na bima ya motokaa ya nyumbani ni vitu viwili mbalimbali, na asiyejua tofauti yake aweza kupoteza yote aliyoyachuma.

Bima hufuata gari na kazi yake

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: bima ya gari haimfuati dereva aendako. Hufuata gari lililotajwa katika hati, na tena hufuata kazi ambayo gari hilo limeandikiwa. Basi hukatiwa bima na mwenye basi, kwa kazi ya kuchukua abiria kwa nauli. Dereva ashukapo katika basi jioni, bima hiyo hubaki na basi. Akiingia katika motokaa yake, yampasa awe na bima nyingine, aliyoikata kwa jina lake mwenyewe.

Sheria yataka nini

Uingereza ilianza kuwalazimisha wenye magari kukata bima kwa sheria ya mwaka 1930. Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo, iliyo Sura ya 405 katika Sheria za Kenya. Kwa sheria hii ni kosa kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni yule asiyekuwamo katika mapatano ya mwenye gari na kampuni ya bima, kama vile mtu aendaye kwa miguu au mpanda baiskeli.

Lakini bima hiyo ya lazima ina mipaka yake. Kinachoamriwa na sheria ni fidia ya kifo na ya majeraha ya mwili. Ukuta wa jirani uliobomolewa haumo, isipokuwa hati yenyewe iutaje. Tena, kwa dai la mtu mmoja, sheria hailazimishi bima kupita Shilingi 3,000,000. Mahakama ikiamuru zaidi ya hapo, na hati haikuahidi zaidi, mwenye gari hulipa kilichobaki kwa mali yake.

Nauli hubadili mambo

Hapa ndipo madereva wengi hujikwaa. Na afikiriwe dereva mmoja wa basi aliye katika siku yake ya mapumziko, akirudi Sindo kutoka Mbita kwa motokaa yake. Njiani awakuta watu wanne na mizigo yao, na kila mmoja ampa nauli. Yeye haoni ubaya, kwa sababu kuchukua abiria ndiyo kazi yake ya kila siku, na leseni anayo. Mbele kidogo gurudumu lapasuka, gari lapinduka, na mama mmoja avunjika mguu.

Leseni ya dereva ya kuendesha gari la abiria haiigeuzi motokaa yake kuwa gari la abiria. Gari lenyewe lazima liwe na leseni ya kazi hiyo, na bima yake iwe ya kazi hiyo. Ikiwa hati yasema motokaa ni ya matumizi ya nyumbani tu, kampuni yaweza kulikataa dai, kwa kuwa nauli ilipokewa. Hapo mama yule aliyeumia hana wa kumdai ila dereva mwenyewe, na dereva hana cha kulipia ila mshahara wake, nyumba yake na shamba lake. Hivyo watu wawili huangamia kwa nauli ya safari moja.

Hata abiria wasiolipa kitu, kama ndugu na rafiki, hawamo katika bima ya lazima ya motokaa ya nyumbani. Mwenye gari yampasa aulize kama hati yake inawataja.

Dereva akiumia mwenyewe

Dereva aliyeajiriwa akiumia akiwa kazini katika basi, anayo haki ya kudai fidia chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Akiumia katika motokaa yake siku ya mapumziko, haki hiyo haimfuati, wala bima ya mtu wa tatu haimlipi yeye mwenyewe wala haimtengenezei gari. Atakaye kinga hiyo na akate bima kubwa, na aulize pia habari za bima ya ajali za mwili.

Kabla ya kulipa

Dereva aliyeendesha basi miaka kumi bila ajali hutumaini kupunguziwa ada. Punguzo la kutodai, hata hivyo, ni la yule aliyekata bima, yaani mwenye basi. Dereva ataanza kujipatia la kwake kwa motokaa yake.

Aulizwapo kazi yake na matumizi ya gari, na ajibu kweli. Kampuni ikigundua baadaye ya kwamba ilifichwa jambo kubwa, yaweza kwenda mahakamani kuomba hati itanguliwe.

Tena ahakikishe ya kwamba kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima. Mwaka 2005 kampuni ya United Insurance, na mwaka 2011 kampuni ya Blue Shield, ziliondolewa mikononi mwa wakuu wake na kuwekwa chini ya msimamizi kwa mujibu wa sheria. Na aliyelipa ada kwa kampuni iliyoanguka aweza kujikuta akidaiwa peke yake.

Mwisho, asome hati yake: namba ya gari, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na hasa maneno yanayoeleza matumizi. Akitaka kuchukua watu kwa nauli, na apate kwanza leseni na bima ya kazi hiyo, ijapokuwa ada yake ni kubwa zaidi. Asipotaka gharama hiyo, basi nauli na aipokee katika basi tu.