Mmeoana Sawa, Lakini PIN Zenu Hazijaoana

Kila mwaka Juni ikikaribia kuisha, saiba za Likoni, Kisauni na Changamwe hujaa kama feri ya asubuhi. Wasee wanakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kufaili ritani za KRA. Katikati ya hiyo foleni utapata couple, mtu na bibi yake, wanamwambia kijana wa saiba, "Tufanyie pamoja, sisi ni kitu kimoja." Mapenzi ni matamu, lakini hapo ndipo deni huzaliwa.

Iko hivi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kiliandikwa kwamba mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kama ya mume. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mke kufaili kivyake. Ndiyo maana fomu ya iTax inamuuliza mwanaume kama anataka kutangaza mapato ya mke. Ni kaswali kadogo, unabonyeza "Yes" bila kufikiria, halafu noma inaanza.

Noma ya kwanza: mapato kuingia mara mbili. Tuseme mume ako godauni Changamwe na bibi ako hoteli ya Nyali. Mume anaweka mshahara wa bibi kwa fomu yake, na bibi naye anafaili kwa PIN yake. Pesa moja, ritani mbili. Mbaya zaidi, mume akiweka mshahara wa bibi na asahau kuweka PAYE iliyokatwa, mfumo unaona mapato ambayo hayajalipiwa. Kodi ambayo mwajiri alishakata inarudi kama deni.

Noma ya pili: bibi kufailiwa nil. Kijana wa saiba anasema, "Wewe mzee ashakufanyia, nikuwekee nil tu." Hapana! Mwajiri wako hutuma PAYE kila mwezi kwa PIN yako. KRA inaona mshahara upande huu na sufuri upande ule. Nil ni ya mtu ambaye hakupata mapato, basi.

Noma ya tatu ni ya kila mtu, single au ndoa: Personal Relief. Kwa mwezi ni shilingi 2,400, lakini ritani ni ya mwaka mzima, kwa hivyo ni 28,800. Ukiandika 2,400, fomu itakudai 26,400 ambazo huna deni nazo.

Noma ya nne ndiyo inauma kabisa: kazi mbili kwa wakati mmoja. Tutumie viwango vya 2024. Kazi ya mchana inakupa 40,000 za kutozwa kodi, unakatwa kama 4,383. Kazi ya wikendi inakupa 24,000, hukatwi kitu, kwa sababu mwajiri wa pili naye amekupa nafuu ya 2,400 kana kwamba yeye ndiye peke yake. Ukizijumlisha, 64,000 inafaa kukatwa kama 11,583. Pengo ni 7,200 kwa mwezi. Zidisha mara 12, unapata 86,400. Hakuna aliyekuibia, ila hakuna aliyekwambia. Dawa ni kumwambia mwajiri wa pili mapema asikupe hiyo nafuu, na uweke pesa kando, kwa sababu hata hivyo pengo lote halitazibika.

Sasa mfanye nini? Kila mtu afaili kwa PIN yake, na mume ajibu "No" kwa swali la mapato ya mke. Kila mmoja akusanye P9 za waajiri wote wa mwaka huo, hata yule wa miezi miwili. Kabla ya kutuma, soma laini ya mwisho mwenyewe. Ikisema una deni usilolielewa, simama hapo. Kijana wa saiba ataenda nyumbani, deni litabaki na wewe.

Na kama ulishatuma vibaya, usijifiche. iTax ina sehemu ya kurekebisha ritani, na sheria inakupa miaka mitano. Kama deni ni halali, tengeneza slipu ya malipo ulipe kwa M-Pesa, ama uombe KRA ulipe pole pole. Ukinyamaza, kuna faini ya 5% na riba ya 1% kila mwezi. Kutofaili kwa wakati ni 2,000 ama 5% ya kodi, ile kubwa kati ya hizo.

Nyumba mnaweza kulipa pamoja, na token za stima pia. Lakini kwa KRA, kila mtu na PIN yake.