Piganisha, pigishana na mzunguko wa Mwezi

Anayeanza kujifunza kuchora kwa programu ya kompyuta mara nyingi hupewa zoezi hili: Jua katikati, Dunia ikilizunguka, Mwezi ukiizunguka Dunia. Wanafunzi wa lugha hulikwepa wakidhani ni kazi ya watu wa hesabu. Ni hasara, kwa sababu kamusi ya kompyuta ya Kilega au Kikusu haitatengenezwa vizuri na mhandisi asiyejua kiambishi. Tena ugumu wa zoezi lenyewe hauko katika hesabu. Uko katika mfuatano, jambo tunalolisoma katika mofolojia.

Chukua Processing, lugha ya programu iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry. Amri mbili zinatosha: geuka na sogea. Mchoraji anasimama penye Jua. Akigeuka kwanza, kisha akasogea nukta 200 na kuchora duara, na pembe ikaongezwa kidogo katika kila picha, Dunia italizunguka Jua. Akisogea kwanza ndipo akageuka, Dunia itabaki palepale ikijizungusha yenyewe. (Vipimo halisi tuviache: Jua lingekuwa na upana wa mita 1, Dunia ingekuwa na milimita 9, umbali wa mita 107 hivi.)

Sasa linganisha piganisha na pigishana. Mzizi ni uleule, viambishi ni vilevile, -an- na -ish-. Katika piganisha, watu wanapigana na mwingine ndiye anayewachochea. Katika pigishana, wao kwa wao wanasababishana kupiga. Kila kiambishi hukitendea kazi kile kilichokwisha kujengwa kabla yake, na amri za mchoraji hufanya hivyohivyo. Ila mlingano huu una mpaka: Larry Hyman ameonyesha kwamba lugha nyingi za Kibantu hupendelea kutanguliza kutendesha mbele ya kutendana hata pale maana ingedai kinyume. Kompyuta haina mazoea ya namna hiyo.

Mwezi ndio wenye utamu. Abiria anayetembea ndani ya pirogi inayovuka Lualaba kwenda Alunguli, mwendo wake hupimwa kwa pirogi, na mwendo wa pirogi hupimwa kwa ukingo. Mwezi nao umo ndani ya mwendo wa Dunia. Lakini Dunia ina miendo miwili, wa mwaka na wa siku, na Mwezi unapaswa kurithi wa kwanza tu. Ukichorwa baada ya Dunia kugeuzwa kwa mwendo wa siku, utaburutwa nao na kuizunguka karibu kila siku, badala ya siku 27 na kidogo. Kwa hiyo kuna amri ya kuhifadhi mahali na amri ya kurudi hapo: hifadhi, igeuze Dunia, ichore, rudi, ndipo uweke Mwezi. Ni mabano, kama yale tunayotumia kuchanganua sentensi. Mirihi ina miezi 2, Phobos na Deimos: kila mmoja na mabano yake, yote mawili ndani ya mabano ya Mirihi, nayo ndani ya mabano ya Jua.