Kampuni changa za teknolojia na gharama ya maneno mabovu

Kampuni inayouza programu za kompyuta au huduma za simu humpa mteja kitu kisichoshikika mkononi wala kupimwa kwa mizani, na kwa sababu hiyo maneno yaliyo kwenye skrini hubeba karibu kazi yote ambayo dukani hufanywa na muuzaji, mtu anayeweza kumwona mteja akisita na kumfafanulia papo hapo. Kazi hiyo, yaani uandishi wa kibiashara, haikomei kwenye mabango ya barabarani, bali inajumuisha kaulimbiu, maelezo ya ukurasa wa kwanza wa tovuti, majina ya vitufe, ujumbe wa uthibitisho na hata taarifa za hitilafu. Kampuni nyingi changa, ambazo huanza zikiwa na mtaji mdogo na jina lisilojulikana, huajiri wahandisi na wasanifu mapema, kisha huacha maneno yaandikwe na yeyote mwenye nafasi siku chache kabla ya uzinduzi. Utaratibu huo unazigharimu sana, kwa kuwa maneno ni sehemu ya bidhaa yenyewe, na bidhaa yenye maneno mabovu ni bidhaa ambayo haijakamilika.

Historia ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu nchini Kenya, inalidhihirisha jambo hili. Huduma hiyo, iliyobuniwa na kampuni ya Vodafone ya Uingereza kwa kushirikiana na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, huku kazi ikiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, ilianza majaribio mwaka 2005 kwa wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, na lengo lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa marejesho kwa simu. Majaribio yalionyesha kwamba watu walikuwa wakiitumia kwa mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, ingeweza kunadiwa kwa maelezo marefu kuhusu teknolojia yake, lakini ilichaguliwa kaulimbiu ya maneno matatu iliyowahimiza Wakenya watume pesa nyumbani. Mfanyakazi wa Nairobi aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya kuwapelekea wazazi kijijini aliielewa mara moja, kwa sababu kaulimbiu ilitaja shida aliyokuwa nayo tayari. Kabla ya mwaka huo kwisha, waliojisajili walikuwa wamevuka milioni 1. Mtandao wa mawakala, wanaopokea na kutoa pesa taslimu, ulichangia sana mafanikio hayo, lakini mawakala hao wasingekuwa na wa kumhudumia kama watu wasingefahamu kwanza huduma ni ya nini.

Maneno yaliendelea kufanya kazi hata baada ya mteja kujiunga. Ujumbe mfupi unaofika mara pesa inapotumwa hutaja namba ya muamala, huthibitisha kwamba muamala umekamilika, kisha hueleza kiasi kilichotumwa, jina na namba ya mpokeaji, tarehe, saa na salio lililobaki. Kila kipengele hujibu wasiwasi wa mtu ambaye pesa yake imetoka mkononi bila yeye kuona inakokwenda, na yote hayo hupaswa kuelezwa kwa ufupi, kwani ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 tu. Ujumbe huo umekuwa risiti, na mnunuzi huuonyesha kwa muuzaji kama ushahidi wa malipo.

Mfano mwingine unaojulikana sana katika taaluma hii ulielezwa mwaka 2009 na Jared Spool, mtafiti wa Marekani anayechunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti. Duka moja kubwa la mtandaoni liliwataka wanunuzi wajisajili kabla ya kulipia bidhaa walizokwisha kuchagua, na wengi waliondoka hapo hapo. Kitufe cha kujisajili kiliondolewa, kikawekwa cha kuendelea, pamoja na maelezo mafupi kwamba mteja hahitaji kufungua akaunti ili anunue. Kwa maelezo ya Spool, idadi ya walionunua iliongezeka kwa asilimia 45, na mauzo ya mwaka wa kwanza yakapanda kwa dola milioni 300.

Hasara nyingine hujificha katika taarifa za hitilafu, ambazo kwa kawaida huandikwa na mhandisi kwa ajili ya mhandisi mwenzake. Mteja anayesoma "Ombi halikufaulu, hitilafu namba 17" hajui kama pesa yake imekatwa, kama arudie, au kama asubiri, na hatimaye ama atapiga simu huduma kwa wateja, jambo linaloigharimu kampuni, ama ataiacha huduma hiyo kabisa. Taarifa bora ingesema: "Pesa haijatumwa. Salio lako halitoshi kulipia ada. Punguza kiasi, kisha ujaribu tena." Sentensi hizo zinaeleza kilichotokea, sababu yake na hatua inayofuata, na kuziandika hakuhitaji mtaji mpya wala mtambo mpya.

Uandishi mzuri hauna maana ya ulaghai wenye lugha tamu. Oktoba 2016, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza watoa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja gharama zote kabla hajathibitisha muamala, agizo lililotambua kwamba kunyamazia ada ni njia mojawapo ya kumpotosha. Kampuni changa, isiyo na sifa ya miaka mingi ya kuitegemea, imani yake hujengwa au hubomolewa na maneno yaliyo kwenye skrini.

Kwa hiyo mwandishi anapaswa kukaa na wahandisi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa huduma isiyoelezeka kwa sentensi moja nyepesi mara nyingi haijafikiriwa vizuri na wanaoijenga. Maneno yake yajaribiwe mbele ya watumiaji halisi, wakiwamo mama lishe, dereva wa bodaboda na mzee aliyestaafu, kama programu yenyewe inavyojaribiwa, na Kiswahili kiandikwe tangu mwanzo badala ya kubandikwa mwishoni. Kampuni inayokubali gharama hiyo ndogo humheshimu mteja wake, na mteja anayeelewa anachouziwa ndiye anayelipa, anayerudi na anayewaambia wenzake.