Unaalika timu za kriketi shuleni? Anza na lango, si sanduku la dawa

Mwalimu mmoja wa michezo alinijia zahanatini majuzi. Hakuwa mgonjwa. Shule yake, iliyoko hapa Nairobi, imekubali kuandaa tamasha la kriketi la siku nne wakati wa likizo ya Agosti kwa wachezaji wasiozidi miaka 15. Timu ni nane, sita za wavulana na mbili za wasichana, na kila timu italeta wachezaji 13. Baadhi watatoka Mombasa na wengine Kisumu. Mwalimu alitoa kalamu na kijitabu akasema, "Daktari, niandikie dawa za kutia kwenye sanduku la huduma ya kwanza."

Nilimwambia kuwa sanduku lingekuja mwisho. Kwanza nilitaka kujua ni nani anayeweka ufunguo wa lango la nyuma la uwanja wake. Alinitazama kwa mshangao. Msomaji mpendwa, hebu nikueleze ni kwa nini niliuliza.

Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kuwa daktari wa tamasha kama hilo katika shule ambayo sitaitaja. Siku ya pili asubuhi, nikiwa bwenini nikimhudumia mtoto aliyekuwa akitapika, kijana wa miaka 14 aligongwa na mpira juu ya sikio la kushoto alipokuwa akipiga. Hakuwa na helmeti. Timu yao ilikuwa na helmeti mbili tu, na zote zilimfunika hadi puani. Alianguka, akainuka, akacheka. Wenzake walimpigia makofi. Mwalimu wake alimwekea barafu, kijana akasema, "Mwalimu, niko sawa," akaendelea kupiga na hata akaongeza mikimbio kadhaa kabla ya kutolewa.

Aliletwa kwangu baada ya saa moja u nusu. Kichwa kilikuwa kikimuuma sana, alikuwa ametapika mara mbili, na maneno yake yalikuwa yakiburura. Tulimtia garini mara moja, lakini njia ya mbele ilikuwa imezibwa na mabasi ya timu, na lango la nyuma lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Aliyekuwa na ufunguo alikuwa ameenda kununua mikate. Tulipoteza dakika 20. Kijana alifanyiwa upasuaji usiku huo na akapona, ila mkono wake wa kulia haukurudi kuwa kama zamani. Simlaumu mwalimu yule peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa daktari, na sikuwa nimewaambia walimu kwamba yeyote anayegongwa kichwani aletwe kwangu, hata akiwa anacheka.

Kichwa na mpira mgumu

Wengi wetu tunaifahamu kriketi tangu Kenya ilipoiangusha West Indies mjini Pune katika Kombe la Dunia la 1996, au ilipofika nusu fainali mwaka wa 2003. Tuliotazama kwenye runinga tuliona mchezo wa wastaarabu waliovaa nguo safi. Ukiushika ule mpira mkononi ndipo utakapoelewa. Ni ngozi iliyoshonwa juu ya kiini cha kizibo na uzi uliokazwa, na ule wa watu wazima una uzito wa gramu 156 hadi 163. Watoto wasiozidi miaka 13 huchezea mpira mwepesi kidogo, lakini ugumu ni ule ule.

Mfupa ulio juu na mbele ya sikio ni mwembamba kuliko sehemu nyingine za fuvu, na kwa ndani yake umepitiwa na mshipa wa damu. Mfupa ukipata ufa, mshipa huo unaweza kukatika na damu ikaanza kukusanyika polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Hapo mwanzo mtoto huzungumza vizuri kabisa. Baada ya saa moja, mbili, au hata zaidi, damu inakuwa imeongezeka kiasi cha kuubana ubongo, na ndipo dalili huonekana: kichwa kuuma kwa kuzidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja. Mtoto wa namna hiyo hangoji mechi iishe. Anapelekwa hospitali yenye mashine ya kupiga picha za kichwa na daktari wa upasuaji, na ni wajibu wa mwenyeji kujua mapema hospitali hiyo ni ipi.

Aghalabu si damu, bali ni mtikisiko wa ubongo tu. Lakini hapo uwanjani hata mimi siwezi kuvitofautisha kwa macho. Kwa hivyo kanuni ni moja: mchezaji aliyegongwa kichwani akionyesha dalili yoyote, hata kizunguzungu kidogo au kusahau matokeo ya mechi, harudi uwanjani siku hiyo. Anakaa na mtu mzima, si peke yake chini ya mti, na usiku huo kuna mtu wa kumtazama. Asirudi mchezoni katika siku zilizosalia mpaka daktari amkague na kumruhusu.

Walimu hukataa kumtoa mchezaji kwa kuogopa kubaki na watu kumi. Dawa yake ni rahisi. Tangu 2019 Baraza la Kimataifa la Kriketi linaruhusu timu kuingiza mchezaji mwingine mahali pa yule aliyepata mtikisiko wa ubongo. Mwandalizi wa tamasha la shule anaweza kuandika sheria hiyo hiyo katika barua yake ya mwaliko, na mabishano yakaisha kabla hayajaanza.

Helmeti nayo si pambo. Mpigaji wa Australia, Phillip Hughes, alikuwa ameivaa mnamo Novemba 25, 2014, mpira ulipompiga shingoni chini ya mahali inapoishia, ukapasua mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 25. Ajali ya aina hiyo ni nadra mno, na baada yake watengenezaji waliongeza kinga ya shingo. Kwa watoto wetu tatizo si kinga ya shingo bali ni helmeti zisizotosha na zisizowakaa. Kila timu inahitaji angalau tatu zinazokaa sawasawa: mbili za wapigaji na moja ya mlinda wiketi anaposimama karibu na vijiti. Timu isiyo nazo iazimwe na mwenyeji. (Mzifute kwa ndani kwa kitambaa chenye dawa kila zinapobadilisha vichwa. Nimeona mapunye yakizunguka timu nzima kwa helmeti moja.)

Isitoshe, wadakaji wasisogee karibu mno na mpigaji. Nchini Uingereza, mchezaji asiyezidi miaka 13 haruhusiwi kusimama chini ya mita 10 kutoka kwa mpigaji, isipokuwa nyuma ya wiketi, na asiyezidi 15 ni mita 7 na kitu. Hatugharamiki chochote kuiga hilo.

Migongo ya warushaji

Mwalimu mwenye mrushaji mmoja mkali humtumia kila siku ya tamasha, asubuhi na alasiri, mpaka kikombe kipatikane. Mifupa ya kijana anayekua haijakomaa. Mrushaji wa kasi hujipinda na kujinyoosha kwa wakati mmoja huku mguu wa mbele ukipiga chini kwa kishindo, na uzito huo wote huishia kwenye pingili za chini za uti wa mgongo. Akirudia mno bila mapumziko, mfupa hupata ufa mdogo. Dalili ni maumivu ya kiuno upande mmoja, mara nyingi ulio kinyume na mkono wa kurushia, na huzidi anapojipinda kwa nyuma. Kupona huchukua miezi, si siku.

Mwongozo uliotumika kwa miaka mingi Uingereza ni kwamba mrushaji wa kasi asiyezidi miaka 13 asirushe zaidi ya ova 5 kwa mfululizo wala 10 kwa siku, na wa miaka 14 na 15 asizidi ova 6 kwa mfululizo na 12 kwa siku. Zaidi ya hayo, asirushe zaidi ya siku mbili mfululizo. Katika tamasha la siku nne, maana yake ni kwamba yule shujaa wako anahitaji siku ya kupumzika, fainali iwepo isiwepo. Mwandishi wa alama awe na karatasi ya pili ya kuhesabu ova za kila mrushaji kwa siku zote.

Maji, wali na baridi ya Nairobi

Agosti jijini Nairobi ni baridi na mawingu, na hapo ndipo watoto husahau kunywa maji. Nilimfanyia mwalimu hesabu: watoto 104, kila mmoja lita tatu kwa siku, ni lita 312, yaani mitungi 16 ya lita 20. Alikuwa amepanga mitungi minne. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, na kila mtoto awe na chupa yake yenye jina. Kikombe kimoja cha timu nzima ni njia ya mkato ya kuharisha.

Tamasha kama hili likifanyiwa Mombasa au Kisumu mwezi wa Februari, hatari hugeuka kuwa joto. Mpigaji aliyevaa pedi, glavu na helmeti hapozwi na upepo. Akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia huku mwili ukiwaka, mvue vifaa, mmwagie maji na mpepee hapo hapo wakati gari likija. Kupoza kwanza, safari baadaye. Yule anayeharisha au kutapika hupewa ORS, na kama haipo, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi.

Chakula ndicho kilichovunja matamasha mengi kuliko mvua. Mpishi huamka saa kumi alfajiri, hupika wali na kuku wa watu 130, kisha sufuria hukaa mezani hadi saa saba mchana kwa sababu mechi imechelewa. Wali uliopoa polepole huzaa viini vyenye sumu ambayo haifi hata ukiupasha moto tena. Chakula kikiivwa kiliwe katika muda wa saa mbili, au kibaki motoni hasa, si cha vuguvugu. Afadhali githeri ya moto kuliko pilau iliyolala. Mpishi mwenye kidonda kidoleni au anayeharisha apewe likizo yenye malipo, maana akikatwa mshahara atakuficha.

Vyoo pia vina hesabu. Kipimo cha shule zetu ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30, hivyo tamasha hili linahitaji viwili vya wasichana na vitatu vya wavulana, vyenye maji na sabuni. Sodo ziwepo mahali ambapo msichana hatalazimika kumwomba mwalimu wa kiume.

Yale ambayo mtoto hasemi

Barua kwa wazazi iulize kuhusu pumu, kifafa, kisukari na ugonjwa wa seli mundu. Huu wa mwisho unapatikana sana kwa watoto wa pande za ziwa na Pwani, na baridi, kiu na kuchoka kupita kiasi huamsha maumivu yake makali. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa Kisumu mwenye ugonjwa huo anahitaji sweta, blanketi la ziada na ruhusa ya kupumzika bila kuchekwa. Mwenye pumu awe na inhela yake mfukoni, si ofisini kwa mwalimu mkuu.

Jambo jingine ni la aibu, lakini nitalisema. Kila mvulana avae kinga yake mwenyewe ya sehemu za siri. Akigongwa hapo na maumivu yasipopungua katika saa moja, au korodani ikivimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Korodani ikijipinda hufa katika muda wa saa sita hivi, na wavulana wengi hunyamaza mpaka asubuhi.

Jino la utu uzima likingoka, lishikwe upande wa juu, si wa mzizi, litiwe kwenye maziwa na mtoto akimbizwe kwa daktari wa meno. Ndani ya nusu saa kuna matumaini mema ya kulirudisha. Na radi ikisikika, watoto wote waingie ndani ya jengo au basi, si chini ya miti, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Malaria haitaonekana kwenye tamasha lenyewe. Mtoto wa Nairobi akiumwa na mbu Kisumu au Kwale, homa kwa kawaida huja siku ya kumi hadi ya kumi na tano, wakati kila mtu amesahau safari. Mzazi amwambie daktari mtoto alikwenda wapi.

Mwalimu alipoona nimenyamaza aliuliza tena kuhusu sanduku. Glavu, bendeji, pamba, dawa ya kusafishia vidonda, barafu, ORS, parasetamoli, mkasi. Aspirini hapana kwa watoto, na dawa ya maumivu isitumiwe kumrudisha mtu uwanjani. Kwenye kifuniko abandike nambari 999, 112, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, pamoja na ya hospitali aliyoichagua.

Juzi alinipigia simu. Amepata mitungi, na mabasi yataegeshwa barabara ya pili. Lango la nyuma nalo limefunguliwa, ila ufunguo haukupatikana popote. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi likatwe kwa msumeno.